Vimeng'enya vya baharini vinavyohimili moto: uchague vya bakteria yupi?

Anayepika wanga wa muhogo hufika mahali ambapo mwiko unasimama wenyewe ndani ya sufuria. Joto linapopita nyuzi 60 hivi za Sentigredi, chembe za wanga hunyonya maji, huvimba na kupasuka, na kilichokuwa maji meupe hugeuka gundi. Ukitaka gundi hiyo iwe shira ya glukosi, unahitaji kimeng'enya kitakachoikata minyororo ya wanga wakati sufuria ingali motoni, na hapo ndipo vimeng'enya vya kawaida vinaposhindwa, kwa sababu kimeng'enya ni protini, na protini nyingi zikifika kwenye joto hilo huganda kama ute wa yai. Ndiyo maana watafiti walikwenda kutafuta bakteria wanaoishi ndani ya maji ya moto chini ya bahari, ambao vimeng'enya vyao vimezoea maisha ya jikoni.

Makala haya nimewaandikia watu wa aina tatu ninaokutana nao hapa Dar es Salaam wakiwa wamekwama: mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya utafiti, mjasiriamali wa muhogo au wa chakula cha mifugo aliyesikia habari za vimeng'enya hivi na anataka kujua kama vinamfaa, na mnunuzi wa mwani kutoka Unguja na Pemba anayetaka kuuza kitu zaidi ya mwani mkavu kwenye magunia. Mahitaji ya watu hawa hayafanani, na jibu la mmoja likimfuata mwenzake linaweza kumtia hasara.

Vigezo kabla ya majina

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuanza na jina la bakteria na namba kubwa ya joto iliyoandikwa kando yake. Namba hiyo ikiwa peke yake haisemi mengi. Mimi huanza na mambo matano: kimeng'enya kinakata kitu gani hasa; kinafanya kazi katika joto gani, na kinahimili joto gani, kwani hayo ni mambo mawili; kinataka uchachu na chumvi kiasi gani; kinapatikana vipi, kwa kununua au kwa kujizalishia; na kazi ikiisha kinazimwaje. Kigezo cha mwisho watu hukisahau mpaka kiwaumize, na mimi nimo miongoni mwao, kama nitakavyoeleza.

Wanaolinganishwa

Wa kwanza ni Thermotoga maritima. Bakteria huyu alitengwa kutoka kwenye mashapo ya bahari yanayopashwa moto na volkano katika kisiwa cha Vulcano, Italia, na alielezwa mwaka 1986 na Robert Huber, Karl Stetter na wenzao. Hukua kati ya nyuzi 55 na 90, na hustawi zaidi kwenye nyuzi 80. Jina lake limetokana na ala inayomzunguka na kupwaya kwenye ncha zake mbili, mfano wa joho la Warumi, au tuseme kama mtu mwembamba aliyevaa kanzu ya kaka yake.

Wa pili ni Rhodothermus marinus, aliyeelezwa mwaka 1988 kutoka kwenye chemchemi za maji moto zilizo chini ya bahari huko Ísafjarðardjúp, kaskazini-magharibi mwa Iceland. Huyu hupenda nyuzi 65, huvuta oksijeni kama sisi, na makundi yake kwenye sahani ya maabara huwa na rangi nyekundu.

Wa tatu ni Microbulbifer thermotolerans, aliyepatikana kwenye mashapo ya kina cha mita 2,406 katika Ghuba ya Suruga, Japani. Joto lake ni la wastani. Nimemweka hapa kwa sababu ya kazi moja anayoijua vizuri, nayo ni kukata agari.

Wa nne hana jina bado. Ni bakteria utakayemtenga mwenyewe kutoka pwani yetu, iwe ni matope ya mikoko ya Kunduchi, mchanga wa Kigamboni unaoungua jua la saa saba, au mwani uliooza ufukweni baada ya kusi kuvuma.

Pembeni nitamweka Bacillus licheniformis, ambaye si wa baharini, kwa sababu amilesi yake ndiyo iliyozoeleka zaidi viwandani kwa kukata wanga kwenye joto kali. Haishindani, ila ni kipimo: kimeng'enya cha baharini kisichoizidi kwa jambo lolote hakina sababu ya kuletwa kutoka mbali.

Kinakata nini

Kabohaidreti ni ukoo mkubwa, na vimeng'enya vina ubaguzi mkali. Wanga na selulosi zote ni minyororo ya glukosi, lakini vifungo vyake vimegeuzwa upande, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuufanya mmoja uwe ugali na mwingine uwe karatasi. Kimeng'enya cha ugali hakigusi karatasi. Zailani, iliyo nyingi kwenye pumba na mabua, ni mnyororo wa sukari nyingine kabisa, na agari na karaginani za mwani ni minyororo ya galaktosi.

Thermotoga ndiye mwenye menyu ndefu. Hukata wanga, zailani, selulosi, laminarini (sukari ya akiba ya mwani wa kahawia) na manani (mnyororo wa sukari ya manosi), na jenomu yake, yaani maandishi yote ya urithi wake, ilipochapishwa mwaka 1999, ikiwa na herufi (besi) 1,860,725, ilionekana wazi kwamba sehemu kubwa ya jeni zake zinahusika na kubeba na kuvunja sukari. Rhodothermus anamkaribia, kwani zailanesi, selulesi, mananesi na laminarinesi zake, yaani vimeng'enya vinavyokata zailani, selulosi, manani na laminarini, vyote vimechunguzwa, na juu ya hapo ana vimeng'enya vya kukata alijineti, ile gundi ya mwani wa kahawia kama Sargassum unaosukumwa ufukweni na mawimbi. Yeyote anayewaza kuufanyia kazi mwani huo wa kahawia amtazame huyu kwanza.

Kwa Microbulbifer lazima nitoe onyo. Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar mwaka 1989, na mimea inayolimwa ni ile ambayo wakulima huiita spinosamu na kotonii. Yote miwili hutoa karaginani, wala haitoi agari. Karaginani ina salfeti nyingi na mpangilio wake ni mwingine, kwa hiyo agaresi, yaani kimeng'enya cha kukata agari, iwe nzuri kiasi gani, ukiimimina juu ya jeli ya kotonii itakaa pale ikiiangalia. Agari hutoka kwenye mwani wa jamii ya Gracilaria, ambao pia huota pwani yetu lakini sio ule unaojaza magunia. Vimeng'enya vya karaginani vinavyofahamika zaidi vinatoka kwa bakteria wa maji baridi au ya vuguvugu, kama Zobellia galactanivorans aliyepatikana Roscoff, Ufaransa, na havihimili moto mkali. Kwa mnunuzi wa mwani wetu, hilo ndilo pengo lenyewe, na wa nne wetu asiye na jina anaweza kulijaza, kwa sababu hukata chochote utakachomtega nacho.

Joto: namba mbili

Zailanesi mbili za Thermotoga ni mfano mzuri. Moja, kubwa, hufanya kazi kwa kasi zaidi kwenye nyuzi 92, na ndogo yake hufikia kilele kwenye nyuzi 105, yaani juu ya joto la maji yanayochemka wazi. Amilesi yake hufikia kilele kati ya nyuzi 85 na 90. Selulesi ya Rhodothermus nayo huzidi nyuzi 90, ingawa bakteria mwenyewe hufa kabla ya kufika hapo, na zailanesi yake iko karibu na 80. Agaresi ya Microbulbifer hufanya vizuri zaidi kwenye 55. Kwa wa nne, mtu asijidanganye: maji ya bahari yetu huwa kati ya nyuzi 25 na 30, na bakteria aliyeishi humo hana sababu ya kutengeneza protini ya nyuzi 90. Akikupa kimeng'enya kinachotulia kwenye 50 au 60, shukuru.

Hapa ndipo wengi hutazama namba kubwa na kuichagua. Lakini chukua mfano wa chakula cha kuku. Zailanesi huchanganywa humo ili kuvunja zailani ya pumba, inayofanya tumbo la kuku kuwa na uteute na kumnyima virutubisho. Kiwanda kinachotengeneza chakula cha vidonge hupitisha mchanganyiko kwenye mvuke wa nyuzi 70 hadi 90 kwa muda mfupi, kwa hiyo kimeng'enya lazima kihimili joto hilo. Kazi yenyewe, hata hivyo, inafanyika ndani ya kuku, na mwili wa kuku una nyuzi 41 hivi. Kwa kanuni ya kukadiria kwamba kasi hupungua nusu kila joto linaposhuka nyuzi 10, kimeng'enya chenye kilele cha 105 kikifika kwenye 41 kimepoteza nusu mara sita, yaani kimebaki na sehemu moja kati ya sitini hivi za kasi yake. Hayo ni makadirio ya kwenye kiganja, lakini yanatosha kuonyesha kwamba shujaa wa moto anaweza kuwa mzembe wa vuguvugu. Kwa kazi hii unatafuta kinachohimili 85 kwa dakika chache na kuchapa kazi kwenye 41, na namba hizo mbili ni mara chache kuziona zikiwa kubwa kwa kimeng'enya kimoja. Na kama unatengeneza chakula cha unga, bila mvuke, kama wafanyavyo wengi mitaani kwetu, uhimilivu wa moto hauna kazi ya kukufanyia kabisa, isipokuwa kwenye ghala lenye bati lisilo na dari.

Upande wa pili, joto la juu lina faida ambazo jiji hili hulipa thamani yake. Shira iliyoachwa vuguvugu Dar es Salaam asubuhi, jioni ina povu na harufu ya pombe, ilhali kwenye nyuzi 80 hakuna hamira wala bakteria wa kawaida anayebaki hai kuichachusha. Uji mzito hulainika, pampu haisumbuki, na kemia yenyewe huenda haraka. Gharama yake inahesabika: kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 30 hadi 90 kunahitaji takriban uniti 7 za umeme, kabla ya kuhesabu joto linalopotea kwenye kuta za pipa, na kuishia kwenye 60 kunahitaji nusu yake. Anayepika kila siku aweke hesabu hiyo ukutani kabla ya kuchagua.

Uchachu, chumvi na maji ya kisima

Sehemu hii ni fupi, ila isirukwe. Zailanesi kubwa ya Thermotoga hupenda pH (kipimo cha uchachu) ya 6.2 na ndogo 5.4; amilesi yake hupenda pH isiyoegemea upande, yaani 7, na huhitaji kalsiamu kidogo. Agaresi ya Microbulbifer nayo iko kwenye 7, na selulesi ya Rhodothermus haiko mbali na hapo. Amilesi ya Bacillus licheniformis hutumika karibu na 6, nayo huihitaji kalsiamu ili isilegee kwenye joto.

Watu hudhani kwamba kimeng'enya cha bakteria wa baharini lazima kitake maji ya chumvi. Si lazima. Rhodothermus mwenyewe hawezi kukua bila chumvi, na hupenda kiasi cha asilimia 2, lakini vimeng'enya vyake vingi hufanya kazi vizuri bila chumvi nyingi. Maana yake kwetu ni kwamba vinavumilia chumvi kuliko kuihitaji, na kwa mji ambao visima vingi vinatoa maji yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, uvumilivu huo ni mali. Kalsiamu ya maji hayo hayo, ambayo huudhi kila anayefua, kwa amilesi ni msaada. Pima maji yako kabla ya kununua kalsiamu ya dukani.

Kukipata na kukizalisha

Amilesi ya Bacillus licheniformis huuzwa kwa dumu, kwa bei ya kiwandani. Hakuna hata mmoja wa wanne wetu anayepatikana hivyo. Baadhi ya zailanesi na selulesi za Thermotoga huuzwa na wauzaji wa vifaa vya maabara kwa chupa ndogo kama za dawa ya macho, zinazomfaa mtafiti na zisizomfaa mpishi. Kwa hiyo swali la kweli ni la kuzalisha.

Kumfuga Thermotoga mwenyewe ni shughuli. Hataki oksijeni, anataka nyuzi 80 mchana na usiku, hutoa haidrojeni ambayo ikijaa kwenye chupa humzuia kukua, na baada ya taabu yote hiyo unavuna seli chache. Umeme ukikatika usiku mmoja, umeanza upya. Rhodothermus ni mpole zaidi: hewa ya kawaida, chupa ya kutikisa, nyuzi 65 na chumvi kidogo, ingawa kwenye joto hilo maji huvukizwa na lazima ujazie. Bakteria wa pwani hufugika kwa urahisi kuliko wote, na Microbulbifer yuko karibu nao.

Lakini kwa Thermotoga kuna njia ya pili, ambayo ndiyo hutumika zaidi, nayo ni kuhamisha jeni yake kwenda kwa Escherichia coli anayekua kwenye nyuzi 37. Njia hii ina kikwazo chake, kwani jeni za Thermotoga huandika asidi amino ya arginini kwa kodoni (maneno ya herufi tatu ya jeni) ambazo E. coli huzitumia kwa nadra, hivyo inafaa kutumia E. coli aliyeongezewa vibebaji vya kodoni hizo. Ukishavuka hapo, uhimilivu wa moto unakulipa kwa namna ambayo bado hunifurahisha. Unapasua seli, unachukua mchuzi wake wa rangi ya maji ya mchele, unautumbukiza kwenye maji ya nyuzi 75 kwa dakika 20 au 30. Mchuzi unageuka mweupe mbele ya macho yako, kama ute wa yai uliomwagwa kwenye supu: hizo ni protini za E. coli zikiiva. Ukizungusha kwenye mashine ya kutenganisha, uchafu unakaa chini kama chachandu, na juu kunabaki maji maangavu yenye kimeng'enya chako, kikiwa karibu safi. Maabara isiyo na mitambo ya kusafishia protini inaweza kufanya hivyo kwa beseni la maji ya moto na kipimajoto. Rhodothermus naye huruhusu mbinu hiyo hiyo, kwa joto lililopunguzwa kidogo. Kwa Microbulbifer na wa pwani, usijaribu: utakipika kimeng'enya pamoja na uchafu.

Faida nyingine ni safari na hifadhi. Kifurushi cha kimeng'enya kilichokaa siku kadhaa kwenye ghala la mizigo kikisubiri karatasi, bila barafu, kama ni cha Thermotoga una matumaini. Kama ni agaresi ya nyuzi 55, matumaini hayo hupungua haraka.

Kwa wa nne, kazi ni ya mikono na macho zaidi kuliko ya mitambo. Unachukua tope, unalipasha nyuzi 80 kwa dakika 10 ili wabaki wale wenye spora, yaani vidonge vigumu vya kujihifadhi, unalipanda kwenye sahani yenye wanga au zailani, unaliacha kwenye nyuzi 50 au 55. Kesho yake unamimina iodini kwenye sahani ya wanga: yote inakuwa nyeusi ya samawati, isipokuwa pete angavu kumzunguka yule anayekula wanga. Bakteria wanaokula agari hawahitaji hata iodini, kwa sababu huchimba sahani yenyewe wanayokalia, na utaona kundi la bakteria limezama kwenye kishimo chake. Kumbuka tu kwamba kwa kupasha tope nyuzi 80 umewafukuza wote wasio na spora, na wengi wa wanaokula mwani hawana. Anayetafuta kimeng'enya cha karaginani aache hatua hiyo. Akumbuke pia kibali cha utafiti, na kwamba Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu ya bahari, ambako hata kijiko cha mchanga huombewa ruhusa.

Kuzima

Nilipoanza kupima zailanesi ya Thermotoga, nilisimamisha mmenyuko kwa njia niliyofundishwa kwa vimeng'enya vyote: toa kijaribio, kitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika tano, kisha pima sukari iliyotoka. Kwa wiki nzima vijaribio vyangu vya dakika sifuri, ambavyo vilipaswa kubaki njano kwa kuwa sukari haijatoka, vilitoka na rangi ya chai ya maziwa sawa na vile vya dakika kumi. Nilibadilisha kemikali, nikaosha vyombo upya, nikailaumu zailani ya kwenye kopo. Kumbe nilikuwa nakipeleka kimeng'enya mahali kinapopapenda kuliko popote, nikikipa dakika tano za ziada kwenye nyuzi 100, kisha nikiandika kwamba nimekizima. Dawa ilikuwa kukitumbukiza kijaribio kwenye barafu na kumimina hapo hapo kemikali ya kupimia sukari, ambayo ina alkali kali inayovunja protini bila kujali uhimilivu wake.

Kosa hilo kwenye maabara hugharimu wiki. Kwenye chakula hugharimu bidhaa, kwa sababu amilesi iliyobaki hai ndani ya mchuzi mzito itaendelea kuulegeza ukiwa dukani. Katika kutengeneza glukosi, amilesi ya joto hufuatiwa na kimeng'enya cha kuvu Aspergillus niger kinachotaka nyuzi 60 na pH ya 4.2 hadi 4.5, na kushusha pH huko ndiko kunakomnyamazisha wa kwanza. Kwa hiyo kabla ya kuchagua Thermotoga, jiulize kama hatua yako inayofuata ina asidi. Kama haina, kile kinachokufa kwa kuchemshwa dakika chache, cha Microbulbifer au cha pwani, ni rahisi kuishi nacho.

Kwa hali yako

Kama unatengeneza shira ya muhogo na unachotaka ni kuuza, anza na amilesi ya dumu ya Bacillus licheniformis, kwa sababu inafanya kazi hiyo kwa nyuzi 95 na imeshazoeleka kwenye chakula. Amilesi ya Thermotoga itakufaa pale tu utakapokuwa na tatizo mahususi ambalo ile ya dumu imeshindwa kulitatua, na kwa chakula utahitaji kujibu maswali ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kuhusu kila ulichotia.

Kama unatengeneza chakula cha kuku cha vidonge, muulize muuzaji namba mbili, ya mvuke na ya nyuzi 41, na akikupa moja, subiri. Zailanesi ya aina ya Rhodothermus, ambayo si ya juu kupita kiasi, huenda ikakaa vizuri kati ya namba hizo kuliko ile ya nyuzi 105, lakini pima kwa chakula chako mwenyewe. Wa chakula cha unga anunue zailanesi ya kawaida na abaki na fedha yake.

Mwanafunzi mwenye miezi kumi na minane, beseni la maji ya moto na friza isiyoaminika atapata matokeo ya uhakika zaidi kwa jeni ya Thermotoga ndani ya E. coli, mradi kibali cha kazi ya bakteria aliyebadilishwa jeni kiwe kimepatikana mapema. Asiye na vifaa vya jeni lakini mwenye chupa za kutikisa amfikirie Rhodothermus. Mwenye mtungi wa gesi ya naitrojeni na subira ya mvuvi wa ngalawa anaweza kumfuga Thermotoga mwenyewe, ila mimi simshauri kwa mada ya kwanza.

Mwenye agari ya Gracilaria anayetaka kuikata ikiwa ya maji, kabla haijaganda kwenye nyuzi 40 hivi, achukue agaresi ya Microbulbifer: aiyeyushe agari kwenye nyuzi 90, aipooze hadi 55, atie kimeng'enya, kisha achemshe tena akimaliza.

Na mwenye magunia ya kotonii au spinosamu asinunue chochote kati ya hivi kwa sasa. Akae na mwanafunzi yule, wachukue mwani uliooza kwenye kamba za shamba, waupande kwenye sahani ya karaginani, waiweke kwenye nyuzi 50, na kesho yake waangalie kama kuna aliyechimba kishimo.